Mwezi Ukiwa Kona: Mshahara na Deni Dar es Salaam

Mwaka 1931 serikali ya Kiingereza ya Tanganyika ilitunga sheria ya kumkinga Mwafrika asikopeshwe. Mfanyabiashara asiye Mwafrika aliyemkopesha Mwafrika hakuweza kwenda kumdai mahakamani, ila kama mkopo uliwekwa kwenye maandishi na ofisa wa serikali akauridhia. Watawala walijiona wanamwokoa mtu asiyejua hesabu asinyonywe na mwenye duka. Wenye maduka wa Uhindini na Kariakoo walielewa vingine: ukimkopesha kuli wa bandarini akahama mtaa, fedha yako imekwenda na huna pa kushitaki.

Mshahara, kwa upande wake, haukubadilika kwa sababu ya sheria. Uliendelea kuisha kabla ya mwezi. Mlango uliobaki wazi zaidi ulikuwa wa duka la rehani, kwa sababu mwenye rehani hana haja ya mahakama. Mali ya mdaiwa anayo tayari kwenye rafu. Kanzu, kanga, mashuka, baiskeli na cherehani vikapita kwenye kaunta hizo. Nguo ya Idi ingeweza kukombolewa siku ya mshahara, ikavaliwa, ikafuliwa, ikarudi kwa mwenye rehani kabla ya mwezi mwingine kuandama. Kila safari ililipiwa riba.

Naanza na sheria hii kwa sababu ndani yake kuna wazo lililoishi kuliko sheria yenyewe: kwamba mfanyakazi wa Dar es Salaam ana tabia mbaya ya kukopa, na dawa yake ni kuirekebisha tabia hiyo. Hesabu ya upande wa pili, yaani kipato chake dhidi ya bei za mji, imepigwa mara chache sana na wenye mamlaka. Mara nyingi wamelazimishwa kuipiga.

Waliowalazimisha mwanzoni walikuwa makuli. Kuli alilipwa kwa siku. Siku ambayo hakuna meli, hakuna ujira, lakini chumba na unga vinadai vilevile. Waligoma mwaka 1939, wakagoma tena 1943 vita vikiwa vimepandisha bei na kuadimisha nguo. Tarehe 6 Septemba 1947 waliweka kazi chini kwa mara nyingine, na safari hii hawakubaki peke yao. Katika siku chache mgomo ulienea mji mzima, mpaka kwa watumishi wa majumbani, kisha ukafuata njia ya reli kwenda Morogoro, Dodoma na Tabora. Hapakuwa na chama cha wafanyakazi cha kuuandaa. Serikali iliunda baraza la usuluhishi, na ujira wa makuli ukapanda. Mwaka uliofuata walikuwa na chama chao, katibu wake akiwa Abdulwahid Sykes, kijana aliyerudi kutoka vitani Burma. Mwaka 1950 mgomo mwingine uligeuka ghasia na polisi, na chama kikafutwa. Lakini nyongeza ya 1947 haikurudishwa nyuma.

Miaka hiyohiyo mji ulikuwa unatanuka. Sensa ya 1948 ilihesabu watu 69,227. Ile ya 1957 ilikuta 128,742. Serikali ilijenga kota za Waafrika Ilala na Temeke, baadaye Magomeni na Kinondoni, na kuzizunguka kota hizo watu walijenga wenyewe nyumba za Kiswahili, ukumbi katikati na vyumba huku na huku, mwenye nyumba chumba kimoja na wapangaji vingine. Ofisa mmoja wa serikali, J.A.K. Leslie, alifanya uchunguzi wa maisha ya mitaa hiyo katikati ya miaka ya 1950, na kitabu chake kilitoka 1963. Ni kitabu cha mtawala, chenye kiburi chake, lakini mtu huyo alikuwa na jicho. Aliwaona watu wanaoishi kwa mkopo wa dukani mpaka siku ya malipo, na ndugu waliofika kutoka Rufiji au Uluguru kutafuta kazi wakila kwenye sahani ya yule aliyeipata. Mshahara wa mtu mmoja ulikuwa mshahara wa ukoo.

Kima cha chini cha mshahara kiliwekwa Dar es Salaam mwaka 1957. Baada ya Uhuru kilipandishwa, na kuanzia Januari 1963 kikawa shilingi 150 kwa mwezi. Mwaka 1964 ulianzishwa Mfuko wa Akiba wa Wafanyakazi, NPF, mfanyakazi akichangia asilimia 5 na mwajiri asilimia 5. Mwaka huohuo vyama vya wafanyakazi viliunganishwa kuwa NUTA, na ada yake nayo ikakatwa mshaharani juu kwa juu. Hapa pana badiliko kubwa ambalo watu hawakulishangilia wala kulilaani kwa wakati ule: orodha ya mishahara iligeuka mlango wa kukusanyia fedha. Aliyeweza kupitisha mkono wake kwenye orodha ile hakuhitaji kumfuata mtu nyumbani. Miaka arobaini baadaye wakopeshaji wangeligundua hilo kwa furaha.

Kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa 1968 kwa msaada wa China, kando ya Barabara ya Morogoro, Ubungo. Upande wa Temeke kulikuwa na viwanda vya Chang'ombe na vile vya Barabara ya Pugu, ambayo leo ni Nyerere. Viwanda na mashirika ya umma ya enzi ile yalikuwa na desturi ya kubeba sehemu ya maisha ya mfanyakazi. Zahanati palepale, chakula cha mchana kantini, basi la kumpeleka na kumrudisha, na pengine duka la wafanyakazi lenye unga na sukari visivyopatikana mtaani. Hakuna aliyeviita mpango wa ustawi wa kifedha. Lakini nauli na chakula cha mchana vikitoka mfukoni mwa mwajiri, mshahara unarefuka bila kuongezwa hata senti.

Haukurefuka kwa muda mrefu. Bei ya mafuta ya 1973, ukame, kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki 1977, kisha vita vya Kagera. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 maduka yalikuwa na rafu tupu, foleni ya sabuni ilianza alfajiri, na thamani ya mshahara ilikuwa imeshuka kwa zaidi ya nusu ukilinganisha na miaka kumi nyuma. Kwa mahesabu ya kawaida ya kitabuni, watu wa Dar es Salaam walipaswa kuwa wamekufa njaa.

Hawakufa, na namna walivyoishi ndiyo sehemu ya historia hii ninayoiona tajiri kuliko zote. Kila nyumba ilifungua mradi. Mwalimu alikaanga maandazi kabla ya kengele ya asubuhi. Karani alifuga kuku wa mayai uani. Koti lilibaki kwenye kiti cha ofisi likimshuhudia mwenyewe kwamba yupo, naye yuko Tandika anauza mchele. Mwanazuoni Aili Mari Tripp aliyefanya utafiti Manzese na Buguruni mwaka 1987 na 1988 alikuta kwamba sehemu kubwa ya kipato cha nyumba ilitoka kwenye miradi, si kwenye mshahara. Mshahara ulibaki kuwa kama tiketi: kupitia kwake unapata kiti, simu, jina, na wateja. Serikali haikufurahi. Mwaka 1983 ilianza operesheni ya Nguvu Kazi, ikiwakamata wasio na kitambulisho cha kazi na kuwarudisha vijijini, mwaka uleule wa vita dhidi ya wahujumu uchumi. Mwaka uliofuata milango ya kuagiza bidhaa ikalegezwa, na mwaka 1991 uamuzi wa chama tawala uliochukuliwa Zanzibar uliwaruhusu hata viongozi kuwa na kipato cha pili. Waliokuwa wakijificha wakawa ndio kanuni.

Pamoja na miradi kulikuwa na upatu, ambao wengi Dar es Salaam wanauita mchezo tu. Watu kumi wa idara moja wanakubaliana kiasi. Kijumbe anakusanya siku ya mshahara na kumkabidhi mmoja fungu lote. Mwezi ujao zamu ya mwingine. Hakuna riba, hakuna fomu. Anayepokea kwanza amekopeshwa na wenzake, anayepokea mwisho amewekewa akiba, na ukiumwa au ukifiwa unamwomba kijumbe akubadilishie zamu. Mchezo unajua jambo ambalo wataalamu wengi wa bajeti hulipita. Tatizo la mfanyakazi si kwamba kipato ni kidogo tu. Kipato kinaingia kwa vipande vya mwezi, ilhali gharama kubwa zinakuja kwa furushi. Mwenye nyumba wa Mbagala au Mwananyamala hataki kodi ya mwezi. Anataka ya miezi sita, pengine ya mwaka. Ada ya shule haiji kidogokidogo, wala msiba. Kuvigeuza vipande kuwa furushi ndiyo kazi ya mchezo, na ndiyo kazi ya kila mkopo uliofuata, kwa bei tofauti.

SACCOS za kazini zilikuwa mchezo uliopewa cheti. Akiba inakatwa mshaharani, mwanachama anakopa mara mbili au tatu ya akiba yake, wafanyakazi wenzake wanamdhamini. Riba inayolipwa inarudi kwa haohao wanachama. Pale ziliposimamiwa vizuri, zilijenga nyumba nyingi za Kimara na Yombo, kwa tofali moja moja. Udhaifu wake ulikuwa palepale kwenye nguvu yake. Mwajiri akikata na asipeleke, chama kinakauka. Na wimbi la ubinafsishaji la miaka ya 1990 lilipopunguza watu viwandani, mdhamini na mdhaminiwa walitoka langoni siku moja.

Halafu benki zikaamka. CRDB ilibinafsishwa 1996, NBC ikagawanywa 1997 na NMB ikazaliwa, na mshahara wa serikali ulipoanza kupita benki, benki ikauona. Mikopo ya watumishi ikawa biashara yenye usalama wa ajabu: mkopaji ana mwajiri asiyefilisika, na makato yanafanyika kabla yeye hajaigusa fedha. Kampuni za mikopo nazo zikaingia kwenye orodha ileile. Kizuizi kimoja kilikuwapo, sheria ya utumishi inayotaka mtu abakiwe na theluthi moja ya mshahara wake.

Tuipige hesabu hiyo, maana inazungumzwa sana bila namba. Chukua mtumishi wa umma wa shilingi 600,000, aliyesoma kwa mkopo wa serikali. Mfuko wa pensheni asilimia 5, bima ya afya 3, chama 2, Bodi ya Mikopo 15. Robo ya mshahara imekwenda, yaani 150,000, na kodi ya mapato inachukua kama 30,000. Amebaki na 420,000. Kanuni ya theluthi inaruhusu benki imwachie 200,000. Kwa hiyo sheria iliyoandikwa kumlinda inakubali akatwe laki mbili na ishirini nyingine kila mwezi kwa miaka sita au saba, na akikaribia kumaliza anapigiwa simu kuambiwa sasa anaruhusiwa kuongeza. Wenyewe wanaita topapu. Walimu wameibeba hali hii kuliko wengine, kwa sababu ni wengi na wamesambaa. Mshahara ukishafikia theluthi na orodha ikakataa, kinachofuata ni kuweka bondi kadi ya benki pamoja na namba yake ya siri kwa mkopeshaji wa mtaani. Siku ya mshahara mkopeshaji ndiye anayesimama kwenye foleni ya mashine. TAKUKURU, taasisi ya kuzuia rushwa, imewahi kuingilia kati mikoani na kuwarudishia walimu wastaafu mamilioni waliyonyang'anywa kwa mikopo umiza ya namna hiyo.

Huyo ana mshahara wa serikali. Mfanyakazi wa kiwanda cha nguo Mabibo au wa godauni la Barabara ya Nyerere, mwenye mkataba wa miezi mitatu au asiye na mkataba kabisa, hana orodha ya kumdhamini. Kwake kuna duka la Mangi na daftari lake, kuna vikoba, yaani vikundi vya kuweka na kukopa, na kuna kausha damu. Kausha damu hutolewa mchana mmoja, kwa kitambulisho na picha ya kitanda na televisheni. Marejesho ni ya kila wiki, pengine kila siku. Mama wa Mbagala Rangi Tatu anayeona Jumatano inakaribia hukopa kwa wa pili amlipe wa kwanza, na mlolongo huo ukikatika gari linakuja kuchukua godoro. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 iliwataka wakopeshaji wa namna hiyo wawe na leseni. Wengi wamezipata. Leseni ukutani haibadilishi siku ya marejesho.

Simu imeongeza kasi. M-Pesa ilianza nchini 2008, M-Pawa 2014, na baadaye zikaja huduma ya kukamilisha malipo pale salio linapopungua, Songesha, na mikopo midogo ya simu kama Nivushe. Majina yake ni mazuri, na kwa shilingi elfu tano ya kufika kesho ni msaada wa kweli. Kisha zikaja programu za simu zisizojulikana mwenyewe ni nani, zinazosoma orodha ya majina yako na kumtumia mkweo, bosi wako na fundi wako ujumbe kwamba wewe ni tapeli. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 zinazokopesha bila kibali. Ukopaji ulioanza kwa siri nyuma ya kaunta ya rehani umefika mahali unatangazwa kwa kila mtu.

Katikati ya haya, nani angeweka akiba kwa imani? Mwaka 2009 DECI, mpango wa piramidi ulioahidi kuzidisha fedha, ulifungwa na serikali, baada ya maelfu ya watu “kupanda mbegu” wakingoja mavuno. Mwaka 2012 wafanyakazi walichemka fao la kujitoa, yaani haki ya aliyeacha kazi kuchukua michango yake kabla ya kustaafu, liliposimamishwa kwenye mifuko ya jamii. Mwishoni mwa 2018 kanuni mpya ya kikokotoo cha pensheni iliyompa mstaafu asilimia 25 tu kwa mkupuo ilizua kelele mpaka Rais Magufuli akairudisha ya zamani. Wataalamu walieleza, kwa haki kabisa, kwamba pensheni ya kila mwezi ni salama kuliko fungu la mara moja. Hawakusikilizwa. Mtu aliyeishi miaka thelathini akihangaika kugeuza vipande kuwa furushi hawezi kukubali kirahisi kwamba furushi pekee alilowahi kuahidiwa litakuja kwa vipande.

Sasa elimu ya fedha imefika kazini. Wizara ya Fedha na Benki Kuu zina wiki yake ya kitaifa tangu 2021, mifuko inawaandaa wanaokaribia kustaafu, na benki hutuma vijana nadhifu kwenye ukumbi wa kiwanda na projekta yao. Baadhi ya hayo yana maana. Kumfundisha mtu kusoma mkataba, kuuliza jumla ya marejesho badala ya rejesho la wiki, na kumtambua tapeli anayenusa kiinua mgongo, ni huduma. Shida ni pale mwalimu anapofungua ukurasa wa kugawa mshahara: nusu kwa mahitaji, asilimia 30 kwa matamanio, 20 akiba. Kanuni hiyo ilienezwa na kitabu cha Elizabeth Warren na binti yake, Marekani, mwaka 2005, kwa familia zenye magari mawili. Na siyo siri kwamba mtoa mada mara nyingi amebeba fomu za mkopo kwenye begi lilelile.

Kima kipya cha chini cha sekta binafsi kilianza kutumika Januari 1, 2026, kikitajwa kwa wastani wa shilingi 358,322 kutoka 275,060. Ni nyongeza ya kweli. Toa asilimia 10 ya mfuko wa jamii wa NSSF na kodi kidogo, inabaki kama 318,000. Anayekaa Chamazi na kufanya kazi Ubungo hupanda daladala mbili kwenda na mbili kurudi. Kwa nauli ya chini ya shilingi 600 iliyowekwa Desemba 2023, siku 26 za kazi zinakula 62,400, karibu moja ya tano ya kilichobaki, na bado hajanywa chai. Mwajiri akirudisha basi la kiwanda, fedha hiyo inabaki kwa mfanyakazi mwezi ule ule, bila semina. Katika baadhi ya viwanda basi hilo bado lipo, na wafanyakazi wake wakipewa kazi yenye mshahara mkubwa kidogo isiyo na usafiri, hukaa chini kwanza wakapiga hesabu ya nauli kabla ya kujibu.